LibreOffice Base katika chama chetu cha kahawa Moshi: uzoefu wangu

Ninatunza kumbukumbu za wanachama katika AMCOS (chama cha ushirika cha msingi) moja ya kahawa huku Moshi vijijini, na kwa misimu kadhaa sasa nafanya kazi hiyo kwa LibreOffice Base, programu ya kanzidata, yaani ya kutunza taarifa kwenye majedwali yanayounganishwa, iliyomo kwenye LibreOffice na inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Makarani wenzangu huniuliza habari zake kila tukikutana mjini. Nao wapo wanaosema programu za aina hii zimepitwa na wakati, jambo ambalo sikubaliani nalo hata kidogo.

Shida yetu ilikuwa majina. Uchagani kijiji kimoja kina akina Mushi au Massawe tele, na wengi wao wamebatizwa Emanueli. Kwenye Excel mkulima huyohuyo leo anaandikwa jina lake mbele, kesho la ukoo. Yakifika malipo ya pili, baada ya kahawa kuuzwa mnadani, anakuja na stakabadhi zake mkononi na kilo hazilingani. Base imelimaliza hilo. Kila mwanachama ana namba yake kwenye jedwali moja, mapokezi ya kahawa yako kwenye jedwali lingine, na kinachoyaunganisha ni namba hiyo tu. Karani haandiki jina, analichagua. Nikitaka kujua nani ameleta kilo ngapi tangu msimu uanze na anadaiwa pembejeo kiasi gani, jibu linatoka papo hapo, nalichapa, mkulima anasaini.

Haina malipo, hilo wengi mnalijua. Mimi ninachoipendea zaidi ni kwamba haihitaji intaneti. Mvua ikishika huku mlimani mtandao unayumba, na watu waliobeba magunia tangu alfajiri hawawezi kuambiwa wasubiri.

Lipo la kuangalia sana. Ukitengeneza faili la kawaida la Base, lile la .odb, data zako hukaa humohumo, zikiendeshwa na injini ya kanzidata iitwayo HSQLDB, ambayo inahitaji programu nyingine, Java, iwemo kwenye kompyuta. Faili lenyewe ni kifurushi kilichobanwa, kwa hiyo umeme ukikatika wakati linaandikwa, kazi inaweza kuharibika. Kama mna kompyuta ya mezani, nunueni UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) kabla ya kitu kingine chochote, na nakala iende kwenye flashi kila jioni. Chama chenye makarani wengi wanaoingiza kwa pamoja ni afadhali kiweke data kwenye MariaDB, kanzidata ya bure inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kisha Base ibaki na kazi ya fomu na ripoti. Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, ni rahisi zaidi kwa anayeanza, ila ni ya kulipia, haifanyi kazi kwenye Mac, na faili lake halivuki GB 2. Kwa chama cha kijiji hizo GB 2 zinatosha kabisa. Kinachotushinda ni bei.

Msaada je? Mwongozo wa Base unapakuliwa bure, ni mrefu na umeandikwa vizuri, kwa Kiingereza. Wanaojibu maswali ya watumiaji wengi wao wanajitolea, na mimi wamenijibu kwa subira. Hapa mjini hali ni nyingine. Fundi mmoja aliniambia, "Dada, hivyo siku hizi hakuna anayetumia, hamieni mtandaoni." Hakuniuliza hata tunafanya kazi gani.

Hilo la "hakuna anayetumia" linaniuma. Programu inapakuliwa mara moja mjini, halafu flashi ileile inazunguka ofisi za vyama kijiji hadi kijiji. Hakuna leseni iliyonunuliwa, hakuna aliyejisajili. Nani atatuhesabu? Watengenezaji wakipanga nguvu zao ziende wapi, sisi hatumo kwenye hesabu, ingawa malipo ya wakulima yanapita humo. Na Kiswahili kilishawahi kupata nafasi: mwaka 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni kutoka OpenOffice hiyohiyo ndipo LibreOffice ilipochipuka mwaka 2010.

Mfumo wa LibreOffice wa kuripoti hitilafu na maombi uko wazi kwa yeyote mwenye barua pepe. Mimi nimeshajiandikisha na kueleza tunavyoitumia Base kupokea kahawa, na kwamba tunahitaji njia nyepesi ya kuhifadhi data nje ya faili la .odb. Karani mwenzangu unayeitumia, nawe andika. Kiingereza chako kikiwa kifupi, taja chama chenu kinafanya nini, mna kompyuta gani na kinachokukwamisha ni kipi. Inatosha.