Saruji ya magnesia kwa sakafu za kemikali: ipi ununue, ipi uiache

Kabla ya kulinganisha bei, jiulize sakafu yako itamwagikiwa nini. Ukisikia saruji ya magnesia, yaani inayotengenezwa kwa oksidi ya magnesiamu, "haidhuriki na kemikali", usikubali haraka. Ziko za aina kadhaa, na adui wa kwanza wa baadhi yao ni maji matupu.

Mimi naanza na ya fosfeti, yaani magnesia iliyochanganywa na chumvi ya fosfeti, hasa ya potasiamu. Saruji ya kawaida ya Portland ina chokaa na alumina ambazo salfeti huzishambulia hadi zege likavimba na kupasuka. Hii haina udhaifu huo. Hushika zege kuukuu vizuri na huganda kwa dakika chache, ndiyo maana hutumika kukarabati barabara na njia za ndege. Hakikisha mchanganyiko una boraksi au kicheleweshi kingine, la sivyo itamgandia fundi ndani ya ndoo. Ya fosfeti ya amonia ina harufu kali inapochanganywa, kwa hiyo iepuke kwenye chumba kisichopitisha hewa. Bei ya saruji ya fosfeti iko juu, na ikilowa muda mrefu hupungua nguvu.

Ya pili ni oksisalfeti, magnesia iliyochanganywa na salfeti ya magnesiamu. Nguvu zake ni za wastani, ila haiongezi kloridi ya kula nondo. Iweke pakavu.

Oksikloridi, magnesia iliyochanganywa na kloridi ya magnesiamu, aliyoitangaza mhandisi Mfaransa Sorel mwaka 1867, naiweka mwisho ingawa ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Hustahimili moto, mafuta na grisi. Lakini maji huivunja taratibu, na kloridi inayotoka hula chuma. Huko Denmark, bodi za saruji hii zilizofungwa kwenye kuta za nje kuanzia takriban 2010 zilinyonya unyevu wa hewa, zikadondosha maji ya chumvi, misumari ikashika kutu na mbao za ukuta zikaoza. Sehemu moja tu ningeinunua bila kusita: penye maji ya chumvi yenye magnesiamu nyingi. Humo hutulia, na ndiyo maana hutumika kuziba mashimo ya migodi ya chumvi.

Kama unamwaga tindikali kali, hidrokloriki au nitriki, usinunue hata moja ikae wazi. Zote huyeyuka. Hapo tafuta epoksi inayofaa tindikali hiyo, au matofali ya tindikali yaliyojengwa kwa mota ya silikati ya potasiamu.

Mwuzaji akuonyeshe kipimo cha nguvu kabla na baada ya kulowekwa siku 28, majini na ndani ya kemikali yako mwenyewe. Akikupa cha sampuli kavu pekee, usilipe.