Kama unachora na uko Arusha, skani kazi zako hapa

Wachoraji wa Chuga, hii ni kwa ajili yenu mnaorusha kazi kwenye magrupu ya washkaji. Kuna steshenari moja mitaa ya Soko Kuu, iko ghorofani, unapanda ngazi nyembamba pembeni ya duka la vitenge, ukiiona kwa nje utadhani ni ya kutoa kopi na picha za pasipoti tu, ila kwa kuskani michoro mimi sijaona wa kuwazidi hapa mjini.

Dada wa pale anajua anachokishika. Karatasi anaibeba kwa kingo, anafuta kioo cha skana kwa kitambaa kikavu, halafu kwa nyuma anaweka karatasi nyeusi ili kama umechora pande zote mbili ya huku isitokezee kule. Nilimpelekea mchoro wa rangi za maji, Mlima Meru asubuhi una ukungu, na mnaochora rangi za maji mnajua shida ilipo, yale maeneo mepesi kabisa skana inayaona ni karatasi tupu inayafanya meupe pee, ukungu wote unapotea mlima unabaki kama umekatwa na mkasi. Yeye akaingia kwenye setingi akazima ile ya kujirekebisha yenyewe, akaskani upya, akaniita nisogee na mchoro wangu tulinganishe na skrini. Ukungu ukarudi wote. Na hela hakuongeza.

Ile kazi nilivyoitupia kwenye grupu, mshkaji wa Moshi alizumu mpaka akaona karatasi ilivyo na vinyweleo, akaanza kuniuliza ni karatasi gani na maji niliweka kiasi gani, tukaongea mpaka usiku. Sasa hayo ndo mazungumzo ninayoyataka mimi, maana ukituma picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya njano watu wanakuwekea kopa tu wanapita.

Mwambie mapema unataka dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi. Kwa 300, A4 inatoka kama pikseli 2480 kwa 3508, kuonyesha marafiki inatosha sana na hata kuprinti kwa saizi ileile, 600 ni kama unataka kuja kuikuza, ila faili linakuwa zito na bando linakatika. Skana ya A3 hawana, wanaskani nusu nusu wanaunganisha kwenye kompyuta, kama una anga pana isiyo na kitu kiungio kinaonekana ukikazia macho. Chaki na mkaa hawapokei mpaka uwe umepuliza dawa ya kukaza, na hapo wako sahihi kabisa, vumbi likibaki kwenye kioo linahamia kwenye kazi ya mwenzako. Nyie wa tingatinga msihangaike na zile ngazi, rangi yenu inang'aa, skana inaijaza mwanga, hizo piga picha nje siku ya mawingu, na Julai hapa mawingu yapo tele.

Wanaponikwaza ni hapa: faili wanaliacha kwenye kompyuta ya kaunta, hapohapo juu ya skrini, na kila mteja anachomeka flashi yake. Hakimiliki ni yako tangu umemaliza kuchora, sheria ya 1999 inakulinda, lakini kazi ikishatoka na flashi ya mtu usiyemjua utamtafutia wapi? Nilimwomba afute akafuta mbele yangu mpaka kwenye kapu la taka, bila kununa, ila jamani huo uwe utaratibu wa duka, siyo mpaka mteja aombe. Flashi yenyewe ikirudi nyumbani ipige skani ya virusi kwanza.

Na ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, hata ile HD iliyokuja 2023 bado inabana kidogo, na itakuwa umemlipa dada wa watu bure.

A4 ni buku, A3 buku mbili na nusu. Jumapili wanafunga. Wahi asubuhi, mchana foleni ya kopi inajaa na hapati muda wa kukaa na mchoro wako.