Mouchel: kampuni ya zege iliyokabidhiwa mishahara ya halmashauri

Tuanze na hukumu, maana wengi wakisoma mapitio ya huduma huruka mpaka mwisho. Kwa barabara na madaraja, huduma ya Mouchel, kampuni ya wahandisi washauri, kwa halmashauri za Uingereza ilikuwa nzuri, na pale mkataba ulipoandikwa vizuri ilikuwa nzuri sana. Kwa mishahara, ukusanyaji wa kodi ya halmashauri na dawati la simu, ilikuwa ya kawaida tu. Kama mahali pa kuwekeza au mkandarasi wa kufungwa naye miaka kumi, haikufaa, na chanzo hakikuwa uvivu wa mafundi. Chanzo kilikuwa kwenye pensheni na ankara.

Asili yake ni zege la nondo. Louis Gustave Mouchel, Mfaransa wa Cherbourg aliyehamia kusini mwa Wales, alichukua uwakala wa Hennebique, mfumo wa Kifaransa wa kujenga kwa zege la nondo, mwaka 1897. Kinu cha unga cha Weaver pale Swansea, jengo la kwanza Uingereza lenye fremu nzima ya zege la nondo, kilitoka mikononi mwake. Kilibomolewa mwaka 1984. Baada ya kifo chake mwaka 1908 kampuni ikaendelea, na minara ya kupozea maji ya Lister Drive, Liverpool, ya miaka ya 1920, ni kazi yake. Kwa miongo mingi biashara ilikuwa rahisi kueleza: unachora, unasimamia, unalipwa ada, unaondoka.

Kilichobadilisha mambo ni sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1980 iliilazimisha halmashauri kushindanisha vikosi vyake vya ujenzi na matengenezo, ya 1988 ikapeleka ushindani kwenye usafi na uzoaji taka, na katika miaka ya 1990 zamu ikawafikia wahandisi, wanasheria na wahasibu wa ofisini. Sheria ya 1999 ikaondoa ulazima wa zabuni, lakini ikaweka badala yake wajibu wa kuonyesha thamani ya fedha. Kampuni ya ushauri iliyokuwa ikisubiri kazi kutoka idara ya barabara ya kaunti ikagundua kwamba sasa inaweza kuichukua idara yenyewe, watu kwa meza zao. Mouchel iliingia soko la hisa la London mwaka 2002, ikaungana na Parkman, kampuni ya wahandisi ya Liverpool, mwaka 2003, na mwaka 2007 ikainunua HBS, kampuni iliyozaliwa ndani ya Hyder, kampuni ya maji na umeme ya Wales, na iliyokuwa ikiendesha ofisi za halmashauri kama Lincolnshire na Middlesbrough. Hapo ndipo mhandisi alipokabidhiwa kikokotoo cha mishahara.

Tuanze na alichokijua. Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 41, inaibebesha mamlaka wajibu wa kutunza barabara. Kifungu cha 58 kinaipa utetezi mahakamani ikionyesha kwamba ilichukua hatua za kutosha. Utetezi huo unasimama kwenye karatasi: nani alikagua, tarehe gani, aliona nini, agizo la kazi lilitoka lini na kazi ilifungwa lini. Kampuni iliyozoea michoro na orodha za ukaguzi inalifanya hili kwa ufanisi ambao idara nyingi za zamani hazikuwa nao. Madaraja yana utaratibu wake: ukaguzi wa jumla kila miaka miwili, na ule mkuu wa kukagua kila sehemu kwa karibu, umbali wa kufikiwa na mkono, kila miaka sita. Hapa mshauri yuko nyumbani. Mpe hifadhidata ya madaraja mia nne na atakurudishia mpango wa kazi wenye vipaumbele vinavyoeleweka.

Kasoro inaanza kwenye shimo. Halmashauri nyingi ziliweka kina cha milimita 40 kama kiwango cha kuingilia, na shimo la hatari kuzibwa ndani ya saa 24. Sasa angalia jinsi ya kulipa. Ukilipa kwa kila kiraka, kikosi kitamwaga lami baridi kutoka kwenye gari, kitaishindilia kwa koleo na kuondoka. Maji yanaingia ukingoni, barafu inatanuka, kiraka kinang'oka, na unalipa tena. Kiraka cha kudumu kinataka kukatwa kingo ziwe wima, kusafisha vumbi, kupaka lami ya kugandisha chini na pembeni, kujaza lami ya moto na kuishindilia, kisha kuziba kiungo juu. Ukilipa kiasi kimoja kwa mwaka kwa mtandao wote, tabia inageuka: sasa mkandarasi ana sababu ya kuona milimita 38 kila anapopima. Mikataba iliyofanya kazi ilichanganya mambo matatu. Malipo ya mkupuo yaligharimia ukaguzi na dharura. Bei ya lengo, yenye kugawana akiba au hasara, ilitumika kwa kazi za kupanga. Na kulikuwa na kifungu kwamba kiraka kikirudi ndani ya kipindi cha dhamana hakuna anayelipwa. Mnunuzi asiyetaja kipindi hicho amenunua lami baridi, hata kama hajui.

Jambo la pili la kuangalia kwenye barabara: nani anamsimamia nani. Mshauri akipewa kubuni, kutoa agizo la kazi na kuthibitisha malipo, huku kampuni dada au mbia wake ndiye anayeshika koleo, lile jicho la tatu linapotea. Mouchel ilikuwa na ubia wa namna hiyo na Enterprise, kampuni ya matengenezo, kwa barabara kuu za serikali. Kiutendaji ubia kama huu unapunguza mabishano na barua. Kiudhibiti unahitaji halmashauri kubaki na wahandisi wake wachache wanaojua kusoma cheti cha malipo na kwenda kupima wenyewe. Halmashauri zilizohamisha kila mhandisi hadi wa mwisho zilijikuta zikimuuliza mkandarasi kama mkandarasi anafanya vizuri.

Ofisini hali ni nyingine kabisa. Kushughulikia mafao ya nyumba, kukusanya kodi ya halmashauri, kulipa walimu na wauzaji, kupokea simu: hizi ni kazi za wingi. Faida haitoki kwenye ubora wa wazo, inatoka kwenye sekunde zilizokatwa kwa kila muamala, na kuzikata kunahitaji programu mpya za kompyuta miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo mkandarasi anatumia fedha zake mwanzoni, anaahidi akiba tangu mwaka wa kwanza, na anatarajia kurudisha gharama katika miaka ya katikati. Gharama hizo za kuanzia huandikwa kwenye mizania kama mali. Wingi ukishuka katikati ya safari, mali hiyo inabaki kuwa wino.

Na wingi ulishuka. Mapitio ya matumizi ya Oktoba 2010 yalikata ruzuku ya serikali kuu kwa halmashauri kwa zaidi ya robo katika miaka minne. Halmashauri hazikuvunja mikataba ya ofisini. Ziliacha tu kuagiza miradi mipya ya barabara na ushauri, ile ile yenye faida nzuri, zikabaki na huduma za lazima zenye faida nyembamba. Kampuni iliyopanga kwamba ushauri utabeba ofisi ikakuta ofisi zinabeba ushauri.

Sehemu inayostahili muda zaidi, na ambayo wasomaji wengi wa mikataba huiruka kwa sababu iko kwenye kiambatisho cha nyuma, ni pensheni. Huduma ikihamia kwa mkandarasi, kanuni za kulinda ajira wakati wa uhamisho huwahamisha wafanyakazi pamoja na masharti yao. Mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa unamruhusu mkandarasi kuingia kama mwajiri aliyepokelewa, kwa mkataba maalumu na dhamana ya benki. Mfuko unathaminiwa kila baada ya miaka mitatu, na kila thamini inaweza kupandisha kiwango cha mchango. Mkataba wa huduma nao una bei iliyofungwa kwa miaka kumi, ikipanda kwa faharisi ya bei tu.

Chukua hesabu ya kufikirika. Mkataba unaleta pauni milioni 14 kwa mwaka, faida asilimia 5, yaani pauni 700,000. Mishahara ya waliohamishwa ni pauni milioni 10. Thamini mpya ikipandisha mchango kutoka asilimia 15 hadi 20, pauni 500,000 zinaondoka kila mwaka. Imebaki 200,000, na bado hujalipia programu ya kompyuta iliyochelewa. Hakuna mfanyakazi aliyekosea, hakuna simu iliyochelewa kupokelewa. Hapa ndipo penye tofauti kati ya kumhamisha mchoraji wa daraja mmoja na kumhamisha karani mia tatu, na ndipo kampuni ya ushauri, iliyozoea wataalamu wachache wa ada kubwa, inapokuwa ngeni.

Dawa inajulikana: halmashauri ibaki na deni la pensheni la miaka iliyotangulia uhamisho, na mchango wa mkandarasi ufungiwe kati ya kima cha chini na cha juu, tofauti ikirudishwa kwenye bei. Inaonekana kama zawadi kwa mkandarasi. Kwa kweli ni nafuu, kwa sababu mzabuni mwenye akili atauza hatari hiyo kwa bei kubwa, na asiye na akili ataiuza kwa bei ndogo kisha akuangukie mwaka wa sita.

Mouchel iliguswa hapo hapo. Oktoba 2011 ilitangaza kosa la hesabu za pensheni kwenye mkataba wa umma lililokata mamilioni ya pauni kwenye faida, na mkurugenzi mtendaji, Richard Cuthbert, akajiuzulu. Kosa peke yake lisingeiua kampuni yenye akiba. Hii ilikuwa imenunua kwa mkopo kampuni za kukua nazo, HBS ikiwa mojawapo, na miezi michache kabla bodi ilikuwa imekataa kununuliwa na kampuni ya ujenzi ya Costain. Agosti 2012 wenye hisa waliwekewa mezani peni moja kwa hisa ili benki zichukue kampuni. Walikataa. Kampuni mama ikaingia kwenye usimamizi wa kimahakama, biashara ikahamishiwa mikononi mwa benki na menejimenti, na wenye hisa wakaondoka mikono mitupu.

Kwa mtumiaji wa huduma, hapa kuna alama ya juu isiyotarajiwa: kesho yake chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani ilikuwa bado ghalani, wakaguzi walikuwa barabarani na mishahara ililipwa. Muundo wa kuhamisha kampuni tanzu zote zikiwa hai ulilinda mikataba. Lakini usiuchukue kama kinga ya kudumu. Weka kwenye mkataba haki ya kuingia na kuendesha huduma mwenyewe mkandarasi akianguka, orodha ya wafanyakazi inayosasishwa kila robo mwaka, na umiliki wako wa data.

Tukilinganisha na wenzake wa jamii moja, Mouchel haikuwa ya ajabu. Atkins, kampuni ya wahandisi kama yeye, ilichukua mwaka 2001 kuendesha huduma za elimu za Southwark, London, kwa miaka mitano na pauni milioni 100, ikajitoa mwaka 2003. Baadaye ilikuwa mbia kwenye Metronet, iliyopewa miaka 30 ya kukarabati njia za reli ya chini ya London na ikaanguka Julai 2007. Atkins iliponea kwa sababu ushauri wake mkuu ulikuwa mkubwa vya kutosha kumeza hasara. Capita, kampuni ya huduma za ofisini, ilitoka upande wa pili: ilizaliwa mwaka 1984 ndani ya taasisi ya wahasibu wa sekta ya umma, ikawanunua wahandisi baadaye. Karani akimwajiri mhandisi ana nafuu moja juu ya mhandisi anayemwajiri karani: biashara ya wingi anaijua tangu mwanzo.

Alama zetu, kwa kumi: ukaguzi na usimamizi wa barabara 8; madaraja 9; kazi za ofisini 5; ustahimilivu wa kifedha 2.

Kampuni ya ujenzi ya Kier iliinunua Mouchel mwaka 2015 kwa pauni milioni 265, ikibakiza matengenezo ya barabara, kisha mwaka uliofuata ikakubali kuiuzia WSP, kampuni ya wahandisi washauri, tawi la ushauri kwa pauni milioni 75. Upande wa ofisi, Lincolnshire ilimpa Serco, mkandarasi wa huduma za umma, kuanzia Aprili 2015, na mfumo mpya wa fedha na mishahara ukaanza na makosa ya malipo kwa wafanyakazi wa shule na wauzaji kusubiri fedha zao. Anayepanga kubadilisha mkandarasi wa mishahara aendeshe mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa angalau mizunguko mitatu ya malipo, alinganishe hati kwa hati mpaka tofauti ziishe, na asikubali tarehe ya kuhamia iangukie siku ya kwanza ya mwaka wa fedha.