Daraja la Nile pale Jinja: maoni ya dereva wa semitrela

Mimi hubeba mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia mpaka wa Malaba, kwa hiyo daraja hili nalijua kwa tairi. Lilifunguliwa Oktoba 17, 2018, lakini sisi madereva bado tunaliita jipya.

Ukitaka kujua thamani yake, muulize aliyepita njia ya zamani. Tulikuwa tunavukia juu ya bwawa la Nalubaale, lile lililoitwa Owen Falls, la mwaka 1954. Barabara nyembamba, wanajeshi wanakutazama, na mbele yako lori limebeba kuliko wewe. Gari moja likizima hapo, foleni inarudi nyuma hadi unazima injini na kushuka kutafuta chai. Mzigo wa Rwanda umo humo humo, wa Kongo umo humo humo. Na kila mara nilijiuliza, hawa wa 1954 walipopiga hesabu zao, waliwaza semitrela kweli?

Sasa unaingia bila kupunguza mwendo sana: njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, mita 525 zilizoshikwa na nyaya. Gari halirukiruki, mzigo umetulia. Usiku ukitokea upande wa Jinja taa zinapendeza, ila usijaribu kusimama upige picha, utakimbizwa. Utingo wangu hupigia dirishani, zote zinatoka ukungu.

Kingine ninachokipenda: hakuna kibanda cha kulipia. Fedha nyingi zilikuwa mkopo kutoka Japani, serikali ya Uganda ikaongeza zake, kwa hiyo mwananchi atalilipa kwa kodi hata asipolivuka. Ile barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe nayo ilijengwa kwa mkopo, wa China, lakini tangu Januari 2022 ukipita unalipa. Kwetu wa malori, ada moja zaidi njiani inakula posho.

Lawama yangu iko ng'ambo. Ukishavuka tu unaingia Njeru, na kuanzia hapo ni barabara ile ile ya njia moja kwenda na moja kurudi. Matrekta ya miwa karibu na Lugazi, msitu wa Mabira ambako ku-ovateki ni kucheza kamari, halafu Mukono, ambako jioni unaweza kulala usingizi mzito ukiwa ndani ya foleni. Barabara ya kasi ya Kampala–Jinja tumeisikia miaka na miaka. Dakika nilizookoa mtoni nazirudisha zote Mukono, na riba juu.

Daraja lenyewe nalipatia nyota tano. Safari nzima, tatu. Anayetoka Malaba kwa mara ya kwanza nampa ushauri huu: vuka alfajiri, simama Namawojjolo, kabla ya Mukono, ule kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, na Mukono uwe umeipita kabla watu wa ofisini hawajaamka.