Ngazi za Wells: chukua chapa ya karatasi ya pamba

Karibuni, watazamaji wangu. Hapa mezani nina chapa mbili za picha moja: ngazi za mawe ndani ya Kanisa Kuu la Wells, Uingereza, iliyopigwa na Frederick H. Evans mwaka 1903. Hii ni ya karatasi ya pamba isiyong'aa, hii nyingine inang'aa.

Kwanza tazameni ngazi zenyewe. Zina miaka zaidi ya 600, na nyayo zimezila mpaka vidato vimebonyea. Upande wa kulia zinajikunja kuelekea ukumbi wa baraza la kanisa, na mkunjo huo unaumuka kama wimbi linalokuja. Evans mwenyewe aliiita bahari ya ngazi. Mimi sichoki kuitazama.

Haya, naiinamisha hii inayong'aa. Mnaiona taa yangu? Imeingia katikati ya picha! Weusi wake ni mzito, hilo nalikubali, lakini kivuli cha ukutani kimekuwa doa tu. Kwenye ya pamba, palepale, kila jiwe unalihesabu.

Kuna sababu. Evans alichapa kwa platinamu, na chapa ya platinamu haina utando wa jelatini juu. Madini yenyewe hukaa ndani ya nyuzi za karatasi. Haing'ai, na kijivu chake hupanda taratibu sana kutoka gizani hadi kwenye mwanga. Picha hii ilikusudiwa kuonekana hivyo, na ya pamba ndiyo inayokaribia hali hiyo. Bei ya platinamu ilipopanda wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Evans aliacha kupiga picha kuliko kuchapa kwa kitu kingine.

Kilichoniuma ni kwamba muuzaji ameikata chini ili itoshee fremu za kawaida. Vidato vya mbele vimepotea, na hivyo ndivyo vinavyokufanya uhisi kwamba mguu wako ndio unaofuata. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizeni kama picha ni nzima, na kama wino ni wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi, maana huo haupauki haraka.

Msiiguse chapa upande wenye picha, mafuta ya vidole hayatoki. Kioo kisiiguse, hasa ninyi mlio pwani, maana unyevu utaigandisha kwenye kioo. Mwambieni fundi fremu aweke kadi ya pembeni ya kuitenga na kioo.

Ya pamba, ikiwa nzima, nunueni. Inayong'aa nairudisha.