Kuondoa nyigu nyumbani: kopo la dawa, bomba la sabuni, unga na fundi wa fumigesheni

Kopo la kawaida la dawa ya mbu na mende linaua nyigu, hilo halina ubishi. Kasoro yake ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mbu aliye ndani ya chumba, wala si kwa kiota kinachoning'inia kwenye kenchi ya baraza. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza nusu kopo, akaumwa, na kesho yake akakuta kiota kina wenyeji kama kawaida. Hapa tunapima njia nne zinazopatikana kirahisi, kwa kigezo kimoja: ipi inamaliza kiota bila kumweka mtu hatarini.

Kwanza mtambue mdudu, kwa sababu dawa sahihi kwa mdudu asiye sahihi ni hasara. Nyigu wanaojenga kwenye baraza, grili za madirisha na mageti yetu wengi ni wale wembamba wenye miguu mirefu inayoning'inia wakiruka. Kiota chao ni sega la wazi la rangi ya kijivu, lililoshikwa na kikonyo kimoja, na mara nyingi vitundu vyake vinatazama chini. Hakina ganda la nje, kwa hiyo kimiminika chochote kinachokipata sawasawa kinawapata karibu wote. Vile vibonge vya udongo mkavu ukutani ni vya nyigu anayeishi peke yake. Hujaza buibui humo wawe chakula cha mtoto wake, na halindi kiota. Vibandue kwa sipatula, usivipotezee dawa. Ukiona nta na asali, au wadudu wanene wenye manyoya wakiingia kwa mamia kwenye tundu la ukuta, hao ni nyuki. Usipulize kitu. Mwite mfugaji nyuki, na wakianza kushambulia watu, kwa Tanzania piga Zimamoto, 114.

Kopo la dawa. Geuza kopo usome viambato kabla hujalipa. Mengi yana pirethroidi, yaani sumu za maabara zilizoigwa kutoka kwa pareto, ua linalolimwa Mufindi na Nakuru. Kopo zuri lina viambato vya aina mbili: cha kuangusha haraka, kama tetramethrin au imiprothrin, na cha kuua, kama cypermethrin, permethrin au deltamethrin. Lenye cha kuangusha peke yake humlaza nyigu chini, kisha akazinduka akaruka. Tafuta pia namba ya usajili: Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na Kenya ni ya PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu. Vichupa visivyo na lebo vinavyouzwa mkononi viache huko huko, hata kama muuzaji anaapa kwamba vinaua papo hapo. Hujui ndani mna nini, na daktari naye hatajua atibu nini.

Udhaifu mkubwa wa kopo ni umbali. Linatoa ukungu mwembamba unaofanya kazi vizuri ndani ya mita moja hadi moja na nusu, na upepo mdogo tu unakurudishia usoni. Makopo maalumu ya nyigu yanayouzwa Marekani hutoa mchirizi wa maji badala ya ukungu, na lebo zake zinataja mita sita hadi nane. Ukilipata kwa muuzaji anayeaminika, ni bora mara nyingi zaidi, ila ni la nje tu, halifai chumbani.

Gesi inayosukuma dawa kwenye makopo mengi ni butani na propani, ile ile ya jikoni. Usipulize karibu na jiko la mkaa, kibatari wala sigara. Funika matangi ya maji na mabwawa ya samaki, maana pirethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na permethrin ni hatari kwa paka. Kopo lenye mafuta linaacha doa kwenye rangi ya ukuta na linaunguza majani ya maua.

Maji ya sabuni. Hii ndiyo njia tunayoipa nafasi ya kwanza kwa kiota cha wazi kisichozidi kiganja cha mkono, kilicho mahali unapofika ukiwa umesimama chini. Sabuni huvunja utando wa juu wa maji, yakaweza kupenya kwenye vitundu vidogo vya ubavuni ambavyo nyigu anavutia hewa. Maji matupu huteleza juu ya mwili wake. Ya sabuni humlowesha mabawa, akaanguka na kukosa hewa.

Unahitaji bomba la kupulizia la lita 2 lenye pampu juu na pua inayorekebishika, lile la kumwagilia maua. Liwe jipya au liwe halijawahi kubeba dawa ya magugu. Weka maji lita moja na nusu kwanza, halafu vijiko vikubwa 5 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ukianza na sabuni, povu linajaa bomba na presha haipandi. Usitikise, geuza taratibu mara mbili tatu. Piga pampu mpaka iwe ngumu, kisha jaribu ukutani mbali na kiota: pua ikae kwenye mchirizi mzito unaofika mita mbili bila kutawanyika. Ukungu hauangushi kitu. Bomba linalovuja kwenye kifyatulio lirudishe dukani, kwa sababu presha itakuishia katikati ya kazi.

Kasoro yake ni kwamba sabuni haiachi sumu nyuma. Nyigu asiyelowa anabaki mzima na ana hasira. Pia ni marufuku kabisa karibu na umeme. Nyigu wanapenda boksi la mita ya LUKU, taa za ukutani na mashine ya nje ya kiyoyozi. Kwenye taa na kiyoyozi zima umeme kwenye swichi kuu na utumie dawa isiyo ya maji. Mita usiifungue, waite TANESCO.

Muda wa kazi ni ule ule kwa sabuni na kopo: kuanzia saa moja na nusu usiku, giza likishaingia na wote wamerudi, au saa kumi na moja alfajiri wakati ubaridi umewalegeza. Mchana nusu yao wako mawindoni na watarudi wakukute. Tochi usiishike mkononi wala kuivaa kichwani, kwa sababu nyigu aliyeshtuka gizani hufuata mwanga. Iweke chini pembeni, ifunikwe kitambaa chekundu, maana wekundu hawauoni vizuri. Vaa jinzi iliyochomekwa ndani ya buti, shati zito la mikono mirefu la rangi nyepesi, miwani, na kofia pana yenye kipande cha chandarua kilichofungwa shingoni. Watoto na mbwa wawe ndani, madirisha yamefungwa, na njia yako ya kuondoka iwe wazi.

Simama ubavuni mwa kiota, si chini yake, upepo ukiwa mgongoni. Anza na pale walipojazana karibu na kikonyo, shuka kwenye vitundu, sekunde 10 hadi 15 bila kusita. Wakianza kutoka, weka bomba chini na uondoke. Usipige piga mikono. Nyigu aliyepondwa hutoa harufu inayowaita wenzake, na tofauti na nyuki, mwiba wake haubaki kwenye ngozi, hivyo mmoja anaweza kuuma mara kadhaa. Kazi hii haifanywi juu ya ngazi kabisa. Kuanguka kutoka mita tatu kunavunja mtu kuliko kuumwa.

Asubuhi rudi uangalie. Ndani ya sega utaona vitundu vilivyozibwa kwa kofia nyeupe za utando: humo mna pupa, yaani watoto wanaogeuka kuwa nyigu wakubwa, na dawa mara nyingi haiwafikii. Kiota kikiachwa hapo wanatoboa na kutoka siku chache baadaye, kisha watu wanailaumu dawa. Kiangushe kwa mti mrefu, kitie kwenye mfuko, kifukie au kichome mbali na nyumba. Kwangua kikonyo mpaka ukuta uwe laini na uoshe kwa sabuni. Wachache waliolala nje watazunguka hapo siku moja mbili kisha watawanyike.

Unga wa dawa. Huu ni wa viota vilivyofichika: ndani ya bomba la geti, nyuma ya fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa), juu ya dari la jipsamu. Unga wa deltamethrin au permethrin uliosajiliwa kwa wadudu wa nyumbani hupulizwa kidogo mlangoni mwa kiota usiku, na nyigu wenyewe wanaubeba kwa miguu hadi ndani. Kosa la kawaida ni kuziba tundu kwa simenti au silikoni wangali hai. Watatafuta upenyo mwingine, na mara nyingi upenyo huo ni tundu la taa ya sebuleni. Subiri siku mbili tatu bila kuona hata mmoja akiingia, ndipo uzibe. Unga wa kuhifadhia mahindi usiutumie kwa kazi hii. Viwango vyake vimepimwa kwa gunia la nafaka, na ukiwa darini utamwagikia vitanda.

Mwenge wa moto na petroli havistahili hata kulinganishwa. Paa la makuti linashika ndani ya sekunde, na kenchi kavu hazicheleweshi.

Aliyeumwa aoshe kwa maji na sabuni, aweke barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 10. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, mwili mzima ukitoka vipele au akitapika na kuona kizunguzungu, ni hospitali mara moja, kwa sindano ya adrenalini. Aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni asisubiri dalili.

Fundi wa fumigesheni. Mlipe ikiwa kiota ni kikubwa kuliko sahani, kiko juu ya dirisha la ghorofa, kimefichika darini, au mwenyeji yeyote wa nyumba ana mzio. Usikubali kuuziwa upuliziaji wa nyumba nzima kwa sababu ya kiota kimoja. Ni kazi ya dakika chache kwenye sehemu moja. Muulize kabla: anatumia kiambato gani na kina namba gani ya usajili, anakuja saa ngapi, ana ngazi na mavazi yake, anaondoa kiota au anapuliza na kuondoka, na atarudi bila malipo wakionekana tena ndani ya wiki mbili? Anayetaka kuja saa sita mchana na bomba la mgongoni bila glavu, au asiyetaka kutaja jina la dawa, mwambie asije.

Na kiota kilicho juu ya mwembe, mbali na mlango na watoto, hakihitaji njia yoyote kati ya hizi nne. Nyigu hao wanakula viwavi wa bustani yako.