Guard kwenye draiva ya terminali: naipa nyota nne

Nimehamisha draiva yangu ndogo ya poti ya siriali, nikaacha kufunga na kufungua kwa mkono kufuli (lile linalozuia kodi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja), sasa natumia guard, makro inayofunga kufuli na kulifungua yenyewe, ile iliyoingia kerneli ya Linux 6.5 mwaka 2023. Nilichelewa bure tu.

Nilikuwa na fankisheni ya kuandika kwenye poti, inashika kufuli mwanzoni halafu ina njia tano za kutokea na kila moja inatakiwa ikumbuke kufungua. Siku moja nikaongeza return katikati, ati bafa ikijaa irudi mapema, kufungua nikasahau. Terminali ikatoa herufi tatu nne ikaganda, prosesa inazunguka inasubiri kufuli ambalo hakuna wa kulifungua, na mimi nalaumu kebo! Lockdep, kikaguzi cha kufuli cha kerneli, ndo ilinionyesha, nikaona aibu.

Guard ni mstari mmoja. Ukitoka kwenye mabano kwa njia yoyote ile kompaila inakufungulia, na ile flags, kigeu cha kutunza hali ya intarapti, huiandiki tena. Goto out zote, ile miruko ya kwenda chini kufungua kufuli, nimefuta, fankisheni sasa inasomeka kama hadithi.

Kwa sehemu ya terminali ndani ya kerneli, hii ni nafuu kubwa jamani, maana ilitegemea lile kufuli moja la kerneli nzima lililokuja na 2.0 mwaka 1996, na ilikuwa kati ya wabishi wa mwisho kuliacha kabla halijafutwa kabisa kwenye 2.6.39 mwaka 2011. Si ukaidi tu, lile kufuli lilikuwa linajiachia ukilala, yaani kodi ikisimama kusubiri kitu, na kufungua terminali kunaweza kulala kweli kusubiri modemu ishike laini. Ikabidi ipewe kwanza kufuli kubwa la kwake, ndo baadaye kila terminali ikapata lake.

Nyota moja nimekata kwa sababu guard inashika mpaka mwisho wa mabano, sasa mimi chini kule nilikuwa nakopi data kwenda kwa mtumiaji, kitu kinachoweza kulala, na huku nimeshika spinlock, kufuli la kusubiri kwa kuzunguka ambalo ukilishika huruhusiwi kulala, kerneli ikanifokea hapo hapo. Dawa yake ni scoped_guard, guard yenye mabano yake mafupi. Na usiichanganye na goto kwenye fankisheni moja, utajuta. Halafu haikuambii kufuli lipi litangulie, kwenye pty, terminali bandia zile mbili zinazoshikana, bado unapanga mwenyewe nani afungwe kwanza.